Maswali ya Wasomaji: Maonyo ya Pointa katika Draiva za Mtandao

Safari hii tumezikusanya pamoja barua zinazohusu jambo moja, nalo ni maonyo yanayotolewa na vichanganuzi, yaani programu zinazousoma msimbo wa C bila kuuendesha, pale vinapokuta pointa, yaani kigeu kinachobeba anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, ambayo huenda ikatumiwa isivyostahili. Waandishi wote wanashughulika na draiva za kadi za mtandao katika kerneli ya Linux, kwa hiyo mifano yote imetoka huko. Ninaposema kwamba pointa "inafuatwa", nina maana kwamba programu inasoma au inaandika mahali pointa hiyo inapoelekeza.

SWALI: Ndugu Mhariri, kichanganuzi kimenionya kwamba kigeu priv, pointa ya data binafsi za draiva, kinafuatwa kabla ya kukaguliwa. Nimetazama nikaona ni kweli: mstari wa pili wa funksheni unasoma priv->ring, na mstari wa sita ndio unaouliza iwapo priv ni NULL, yaani pointa isiyoelekeza popote. Draiva hii imetumika kwa miaka mingi bila kuanguka. Je, niupandishe ukaguzi uje juu, au nilipuuze onyo?
— Mtunza draiva

JIBU: Ndugu msomaji, usifanye lolote kati ya hayo mawili kabla ya kujua ni nani wanaoiita funksheni hiyo. Onyo la namna hii halidai kwamba pointa ni NULL. Linachodai ni kwamba mistari miwili ya msimbo uleule inakanushana: mmoja unachukulia kwamba priv haiwezi kuwa NULL, na mwingine unachukulia kwamba inaweza. Mmojawapo unasema uongo, na kazi ya mkaguzi ni kuutambua. Jibu halimo ndani ya funksheni yenyewe. Limo kwa wanaoiita. Ikiwa inaitwa na mshughulikiaji wa interapti peke yake, na priv ndiyo ileile uliyoikabidhi kwa request_irq, inayomsajili mshughulikiaji huyo, baada ya kuhakikisha kwamba ipo, basi NULL haina njia ya kufika hapo, na ukaguzi ni wa kufutwa. Ikiwa miongoni mwa waitaji yumo mmoja, hasa katika njia ya kufunga au ya kushughulikia hitilafu, anayeweza kuleta NULL, basi ukaguzi ndio mkweli, na usomaji ndio unaopaswa kuteremshwa uje chini yake.

Kwamba draiva haijaanguka miaka yote hiyo ni ushahidi unaoelemea upande wa kwanza, lakini usiuchukue kuwa hukumu, kwa sababu njia za hitilafu hupitwa mara chache mno.

Najua wako watakaosema kwamba kuupandisha ukaguzi hakumdhuru mtu yeyote, hata kama hauhitajiki. Sikubaliani nao. Ukaguzi ni tamko, kwa kuwa unamwambia atakayesoma baadaye kwamba hapa NULL hutokea, naye kwa kuamini hivyo ataongeza ukaguzi mwingine katika funksheni zinazofuata, na vichanganuzi vyenyewe, ambavyo hujifunza kutokana na ukaguzi uliopo, vitaanza kutoa maonyo mapya katika sehemu ambazo hazikuwa na tatizo.

Kupuuza nako kuna hatari yake, na mfano mashuhuri kuliko yote unatoka hasa kwenye draiva ya mtandao. Draiva ya tun huziwezesha programu za kawaida kutuma na kupokea pakiti kana kwamba zina kadi ya mtandao ya kwao. Katika Linux 2.6.30 ya mwaka 2009, funksheni yake iitwayo tun_chr_poll ilikuwa na mistari hii:

    struct tun_struct *tun = __tun_get(tfile);
    struct sock *sk = tun->sk;
    unsigned int mask = 0;

    if (!tun)
            return POLLERR;

Hapa ukaguzi ndio uliokuwa mkweli, kwa sababu __tun_get inaweza kurudisha NULL. Lakini kompaila ya GCC ilipoiona tun->sk ilihitimisha kwamba tun haiwezi kuwa NULL, kwa kuwa kanuni za C haziahidi chochote kwa programu inayoifuata pointa ya NULL. Ikaona basi kwamba ukaguzi uliofuata hauna kazi, ikauondoa. Mshambulizi aliyefanikiwa kuweka kumbukumbu yake mwenyewe kwenye anwani sifuri alipata njia ya kuitawala kerneli nzima. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2009-1897, na tangu mwaka huo kerneli hujengwa kwa chaguo la -fno-delete-null-pointer-checks, linaloikataza kompaila kufuta ukaguzi wa namna hiyo. Marekebisho ya draiva yenyewe yalikuwa mafupi sana: sk ilipewa thamani yake baada ya ukaguzi.

Kabla hujafunga faili, hakikisha pia kwamba mstari wa pili unaifuata pointa kweli. Msimbo wa &priv->lock hausomi kitu kwenye kumbukumbu; unaongeza tu umbali fulani juu ya anwani. Hali ni hiyohiyo kwa priv->name ikiwa name ni safu iliyomo ndani ya muundo wenyewe. Ikiwa ring yako ni safu ya namna hiyo, na mstari huo unachukua anwani yake tu, basi uzito wa onyo umepungua, ingawa kuusogeza mstari bado kutamsaidia msomaji.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimechoshwa na funksheni ambazo nyingine hurudisha NULL zikishindwa na nyingine hurudisha pointa ya hitilafu. Nimeamua kutumia IS_ERR_OR_NULL kila mahali ili niwe salama, lakini sasa kichanganuzi kinalalamika kwamba ninaipa PTR_ERR sifuri. Kosa liko wapi?
— Mwanafunzi wa programu za mifumo

JIBU: Kosa liko palepale ulipodhani umejipatia usalama. Kwanza nieleze kwa ufupi jinsi pointa ya hitilafu inavyofanya kazi. Kerneli imetenga anwani 4095 za mwisho kabisa, ambazo hakuna kitu halali kinachoweza kukaa humo, na inazitumia kubebea namba za hitilafu. Ukosefu wa kumbukumbu, yaani ENOMEM, una namba 12. Kwa hiyo katika mashine ya biti 64 funksheni iliyokosa kumbukumbu inaweza kurudisha 0xfffffffffffffff4, ambayo ni hasi 12 iliyovaa sura ya pointa. IS_ERR inauliza tu iwapo thamani imeangukia katika eneo hilo la mwisho, na PTR_ERR inairudisha namba katika hali yake. NULL ni sifuri, haimo katika eneo hilo, na IS_ERR haiitambui hata kidogo.

Sasa tazama mistari hii, inayofanana na mingi niliyowahi kuikagua:

    phy = of_phy_connect(ndev, np, adjust_link, 0, mode);
    if (IS_ERR_OR_NULL(phy))
            return PTR_ERR(phy);

Funksheni ya of_phy_connect hurudisha NULL inaposhindwa. PTR_ERR ya NULL ni sifuri, na katika kerneli sifuri maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa. Kwa hiyo probe, yaani funksheni ya draiva inayoandaa kifaa kinapogunduliwa, inashindwa huku ikitangaza ushindi: kerneli inaamini kwamba kifaa kimepata draiva yake, wakati hatua zote zilizopaswa kufuata hazikufanyika. Kifaa kinapokuja kuondolewa, funksheni ya remove inaanza kubomoa vitu ambavyo havikujengwa, na mfumo unaanguka mbali sana na mstari uliosababisha anguko hilo. Onyo ulilopata ni miongoni mwa yale ambayo kwa kawaida huwa ya kweli, nami ninapoliona huacha kazi nyingine nikalishughulikia.

Dawa ni kusoma mkataba wa kila funksheni, kwa kuwa majina hayatakusaidia. phy_connect hurudisha pointa ya hitilafu, ilhali of_phy_connect, inayofanana nayo kwa jina na kwa kazi, hurudisha NULL. devm_ioremap hurudisha NULL. devm_ioremap_resource hurudisha pointa ya hitilafu. alloc_etherdev ni NULL. page_pool_create ni pointa ya hitilafu. Funksheni ikirudisha NULL, wewe mwenyewe ndiye unayechagua namba ya hitilafu, kwa mfano -ENODEV au -ENOMEM. Ikirudisha pointa ya hitilafu, ipitishe namba hiyo juu bila kuibadilisha, kwani huenda ikawa -EPROBE_DEFER, inayoiomba kerneli ijaribu tena baadaye wakati kifaa kingine kinachotegemewa kitakapokuwa tayari. Ukiigeuza kuwa -ENODEV, kadi ya mtandao haitaonekana tena mpaka mtu aipakie draiva upya kwa mkono.

Liko kundi la tatu, ambalo ndilo linalowapotosha wakaguzi wenye haraka. devm_clk_get_optional, kama zilivyo nyingi zenye neno optional katika jina, hurudisha pointa ya hitilafu ikishindwa na NULL ikiwa kifaa hakina saa (chanzo cha mapigo ya kielektroniki) iliyoombwa. NULL hapo ni jibu halali, na clk_prepare_enable huipokea bila kufanya lolote. Anayeweka IS_ERR_OR_NULL mahali hapo ameikataa mashine nzima isiyo na kosa.

SWALI: Mhariri, naomba jibu fupi. Je, nikague NULL baada ya netdev_priv? Kichanganuzi kinasema ukaguzi wangu hauna maana.
— Msomaji wa muda mrefu

JIBU: Kinasema kweli. Eneo la binafsi la draiva (priv) limepangwa ndani ya bloku ileile ya kumbukumbu yenye struct net_device (ndev), na netdev_priv inapiga hesabu ya anwani tu. Ikiwa ndev ni halali, jibu haliwezi kuwa NULL. Ikiwa ndev yenyewe ni NULL, jibu litakuwa namba ndogo isiyo sifuri, nayo itaupita ukaguzi wako bila kizuizi. Kagua matokeo ya alloc_etherdev, inayoitengeneza ndev, kisha uache hapo.

Kwa kuwa umegusa ukaguzi usioweza kushindwa, niongeze mwingine ulio hatari zaidi. Baada ya list_for_each_entry kumaliza orodha bila kukutana na break, kigeu cha kupitia hakiwi NULL. Kinabaki na anwani iliyokokotolewa kutoka kwenye kichwa cha orodha kana kwamba kichwa hicho kimo ndani ya kipengele, ilhali hakimo. Kwa hiyo anayetafuta kanuni ya uchujaji katika orodha, kisha akaandika if (!rule) baada ya mzunguko, hataingia kamwe ndani ya sharti hilo, ataendelea kusoma kumbukumbu ya kitu kingine na kuidhania kuwa kanuni. Tumia kigeu cha pili, ukipe NULL mwanzoni, na ukijaze pale tu unapopata unachokitafuta.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepewa kazi ya kukagua maonyo ya kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Moja linaelekeza kwenye mstari unaoongeza skb->len katika takwimu (skb ni muundo unaobeba pakiti moja), baada ya napi_gro_receive. Mwandishi wa draiva ameniambia kwamba hakuna kfree_skb, yaani wito wa kuiachilia skb, popote karibu na hapo, hivyo onyo ni la uongo. Nimwamini?
— Mkaguzi mpya

JIBU: Usimwamini, japokuwa ni kweli kwamba hakuna kfree_skb karibu na hapo. Swali la kuuliza kuhusu skb ni nani anayeimiliki kwa wakati huo. Ukiita napi_gro_receive umekabidhi umiliki. Rafu ya mtandao, yaani sehemu ya kerneli inayoshughulikia pakiti, inaweza kuiunganisha pakiti na nyingine, kuipeleka kwa programu inayoingoja, au kuitupa, na yote hayo yanaweza kukamilika kabla funksheni haijarudi. Urefu na usomwe kabla ya kukabidhi:

    len = skb->len;
    napi_gro_receive(napi, skb);
    stats->rx_bytes += len;

Upande wa kutuma una sura ileile, lakini kosa lake ni gumu kulinasa. Ndani ya ndo_start_xmit, funksheni ya draiva ya kutuma pakiti, mara tu unapoiambia kadi kwamba kuna kazi mpya kwenye foleni, kichakataji kingine kinaweza kupokea taarifa kwamba pakiti imekwisha kutumwa, kikaiachilia skb, wakati wewe bado uko kwenye mstari unaofuata. Kosa la namna hii linaweza kukaa miaka mingi bila kuonekana, kwa sababu mara nyingi kumbukumbu iliyoachiliwa punde bado ina thamani yake ya zamani, na takwimu zinatoka sahihi. Ndiyo maana ninayaheshimu maonyo haya kuliko majaribio: jaribio linaweza kufaulu siku nzima huku kosa likiwa palepale.

Upo mtego wa kinyume chake. Draiva ikirudisha NETDEV_TX_BUSY, inasema haikuichukua pakiti, na rafu itaileta tena. Anayeiachilia skb kisha akarudisha NETDEV_TX_BUSY amesababisha kumbukumbu ileile iachiliwe mara mbili. Ikiwa umeamua kuitupa pakiti, iachilie na urudishe NETDEV_TX_OK.

Katika funksheni ya remove, tazama kila kitu kinachokuja baada ya free_netdev, inayoiachilia ndev. Kwa kuwa priv imo katika bloku ileile, mistari kama hii miwili ni kosa, hata kama haina sura ya kosa:

    free_netdev(ndev);
    clk_disable_unprepare(priv->clk);

Vichanganuzi vinavyofahamu uhusiano wa ndev na priv hulikamata kosa hili bila shida. Macho ya binadamu huliruka, kwa sababu hakuna palipoandikwa kwamba priv imeachiliwa. Ukitaka uthibitisho wa kumwonyesha mwandishi anayebisha, jenga kerneli yenye KASAN, chombo kinachonasa matumizi mabaya ya kumbukumbu kerneli inapoendeshwa, upakie draiva, kisha uiondoe. Ripoti itaonyesha mahali kumbukumbu ilipoachiliwa na mahali iliposomwa baadaye.

SWALI: Mhariri, Sparse, kichanganuzi cha msimbo wa kerneli, inanionya kuhusu pointa yenye alama ya __iomem, yaani ya rejista za kifaa, ambayo draiva yetu inaifuata moja kwa moja. Kwenye kompyuta yangu kadi inafanya kazi vizuri. Je, nikiweka __force onyo likaondoka, kuna ubaya gani?
— Fundi wa vifaa

JIBU: Ubaya ni kwamba onyo litaondoka na kosa litabaki. Linus Torvalds alianza kuiandika Sparse mwaka 2003, na mojawapo ya kazi zake ni hii hasa: kutenganisha pointa za kumbukumbu ya kawaida na zile za rejista za kifaa au za programu ya mtumiaji. Kwenye vichakataji vya x86 kuifuata pointa ya __iomem mara nyingi hufanikiwa kwa bahati, lakini kompaila haijui kwamba inagusa kifaa, hivyo ina ruhusa ya kuunganisha visomo viwili kuwa kimoja au kubadilisha mpangilio wake. Na katika mashine zinazopanga baiti kinyume utapata namba iliyopinduka. Tumia readl na writel, funksheni za kusoma na kuandika rejista. Alama ya __force ina mahali pake, lakini mahali hapo ni ndani ya funksheni chache za msingi, na draiva ya kadi ya mtandao karibu kamwe si mojawapo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeendesha kichanganuzi juu ya draiva kubwa ya zamani nikapata mamia ya maonyo. Wenzangu wanataka tuyamalize yote kabla ya toleo lijalo, mengine kwa kuyatia alama ya uongo. Tuanzie wapi?
— Kiongozi wa kikundi cha watunzaji

JIBU: Anzeni kwa kuyapanga kwa aina, msifuate mpangilio wa faili. Maonyo ya kumbukumbu iliyoachiliwa katika njia ya pakiti yatangulie, kwa kuwa humo mtu wa mbali anaweza kushawishi kinachotokea. Yafuate yale ya njia za hitilafu ndani ya probe na ndo_open, inayoiwasha kadi. Humo ndimo makosa ya kweli yanamojaa, kwa sababu ni nadra mtu kuzijaribu njia hizo. Yale ya ukaguzi uliochelewa yaje baadaye, na ya ukaguzi usio na kazi yabaki mwisho.

Kuhusu kuyatia alama ya uongo, sina pingamizi ikiwa anayetia alama anaweza kuandika sentensi moja inayoeleza kwa nini onyo si la kweli, yenye jina la funksheni inayohakikisha hivyo. Sentensi ya "haiwezi kutokea" haitoshi. "Inaitwa na ndo_stop peke yake, na ndo_stop haiitwi kabla ya ndo_open kufaulu" inatosha, na atakayeongeza mwitaji mwingine baadaye atajua ni sharti gani amelivunja.

Tarehe ya toleo ndiyo inayonitia wasiwasi. Mtu aliyepewa maonyo mengi na muda mfupi huanza kutibu onyo badala ya msimbo: ataongeza if (!priv) return, ndani ya funksheni isiyorudisha thamani, onyo litanyamaza, na hitilafu iliyokuwa ikiangusha mfumo waziwazi itageuka kuwa pakiti zinazopotea kimyakimya. Kwa draiva ambayo hakuna hata mmoja wenu mwenye kadi yake ya kuijaribia, ningependelea maonyo ishirini yaliyochunguzwa mpaka mwisho kuliko mamia yaliyonyamazishwa.

SWALI: Mhariri, nimeshapata kosa la kweli na kiraka changu, yaani badiliko la msimbo ninalotaka kulituma, ni cha mistari miwili. Je, maelezo ya kiraka yaseme nini, zaidi ya kwamba kichanganuzi kilionya?
— Mchangiaji wa mara ya kwanza

JIBU: Yaseme kitakachotokea kwa mtumiaji. Eleza ni hali gani inayoifikisha pointa mbaya kwenye mstari huo, kwa mfano kumbukumbu ikikosekana wakati wa probe au kadi ikichomolewa wakati pakiti zinatumwa, na matokeo yake ni nini. Baada ya hapo nukuu onyo lenyewe kama lilivyotoka, na ukitaje kichanganuzi. Weka mstari wa Fixes wenye walau herufi 12 za kitambulisho cha badiliko lililoleta kosa, pamoja na kichwa chake. Usilichague badiliko la karibuni lililoigusa sehemu hiyo kwa sababu tu ndilo la kwanza kuonekana katika historia; mara nyingi hilo lilihamisha msimbo tu, na kosa lilizaliwa kabla yake.

Kiraka kinachorekebisha kosa kielekezwe kwenye mti (hazina ya msimbo) wa net. Kinachofuta ukaguzi usio na kazi hakihitaji mstari wa Fixes, na mahali pake ni net-next, mti wa kazi za toleo lijalo. Ila ujue kwamba watunzaji wa mtandao hawavutiwi na viraka vya usafi vinavyokuja peke yake, hivyo kiambatishe na kazi nyingine unayoifanya katika draiva hiyohiyo. Na ikiwa hukukijaribu kwenye kadi halisi, andika wazi kwamba kimejengwa tu bila kujaribiwa, ili mwenye kadi ajue kwamba jaribio linamngoja yeye.